Sultani Bargash wa Unguja

Watoto, ninyi mnajua kazi ya kuchota maji. Alfajiri, kabla ya kengele ya shule, mnatwaa bidoni na kushuka mtoni, na mwaka wa kipindupindu mama anawakataza kunywa kabla hajayachemsha. Basi someni habari za mtu aliyekuwa mfalme, tena tajiri, ambaye aliona watu wa mji wake wanakufa kwa maji mabaya, naye akayaleta maji mema kutoka mbali. Jina lake ni Bargash, mwana wa Saidi. Alitawala Unguja toka mwaka 1870 hata mwaka 1888.

Labda mtauliza: Unguja ni mbali, kule baharini, yatuhusu nini sisi wa bonde la Ruzizi? Yatuhusu sana. Lugha hii mnayoisoma ilifika kwetu kwa njia ya misafara iliyotoka nchi ya Bargash. Misafara hiyo ilivuka kutoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji kwa miguu baada ya miezi mitatu au zaidi. Kutoka Ujiji watu wa Rumaliza walipanda mitumbwi na majahazi wakafika mpaka pwani ya Uvira. Walileta nguo, shanga na bunduki. Wakarudi na pembe za ndovu, na pamoja na pembe, watu waliofungwa minyororo. Wazee wetu walisimuliwa mambo hayo na wazee wao. Kwa hiyo habari za Sultani huyu ni habari zetu pia, nzuri na mbaya.

Bargash alizaliwa karibu na mwaka 1837. Baba yake, Seyyid Saidi, alikuwa mfalme wa Maskati katika Arabuni, naye aliipenda Unguja hata akahamia huko, akawaamuru watu wapande mikarafuu. Mama yake Bargash alikuwa mwanamke wa Uhabeshi. Watoto wa Seyyid Saidi walikuwa wengi, kila mmoja na mama yake, na katika nyumba ya namna hiyo wivu haukosi.

Mwaka 1856 Seyyid Saidi alikuwa safarini kutoka Maskati, akafa baharini karibu na visiwa vya Shelisheli. Bargash alikuwa naye chomboni. Desturi ya mabaharia ni kumtosa maiti baharini, lakini Bargash hakukubali. Aliileta maiti ya baba yake hata Unguja, akaizika usiku kwa siri. Usiku uleule akajaribu kuishika ngome, ili kukipambazuka watu wamkute yeye ndiye mfalme. Askari wa ngome wakamkatalia. Ndugu yake Majid akatawala.

Bargash alikaa miaka mitatu akinung'unika. Mwaka 1859 akakusanya watu wa kabila la Wahirthi na wengine wasiomtaka Majid, akafanya fitina. Majid akaizunguka nyumba yake kwa askari. Dada zake wawili, Khole na Salme, walikuwa upande wa Bargash. Salme alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano tu, lakini alijua kuandika, jambo ambalo wasichana wa jumbani hawakufundishwa siku zile. Alijifundisha mwenyewe kwa siri, akawa mwandishi wa barua za fitina. Usiku mmoja dada hao walikwenda kumtazama kaka yao pamoja na wajakazi wengi. Walipotoka, Bargash alikuwa katikati yao, amejifunika nguo za kike, na askari wakawapisha kwa heshima. Akakimbilia shamba moja lenye maboma, akapigana. Majid akaomba msaada kwa Waingereza, nao wakaleta mabaharia wao na mizinga. Bargash akashindwa. Wakampeleka Bombay, katika Bara Hindi, akae kule.

Wengi wanaofukuzwa kwao hukaa wakilia au wakilewa. Bargash alitazama. Bombay ulikuwa mji mkubwa wenye garimoshi, viwanda na bandari iliyojaa meli. Tena mwaka 1860, alipokuwa huko, watu wa mji ule walimaliza kazi ya kuleta maji kwa mabomba kutoka ziwa la Vihar, mbali na nyumba za watu. Aliyaona hayo yote kwa macho yake. Baada ya miaka miwili hivi akasamehewa, akarudi Unguja, akakaa kimya.

Sasa nitawaeleza Unguja ulivyokuwa. Kwa mbali, kutoka baharini, mji ulikuwa mweupe na mzuri. Kwa karibu ulinuka. Takataka zilitupwa pwani. Maji yalitoka visimani, na visima vilikuwa katikati ya nyumba, karibu na vyoo na makaburi. Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia, kikaendelea hata mwaka 1870. Watu walikufa kwa maelfu, hasa maskini na watumwa. Mtu aliamka mzima, na jioni amekwisha kuzikwa. Ninyi mliouona ugonjwa huo hapa bondeni hamhitaji maelezo mengi.

Majid akafa mwezi wa Oktoba 1870, wala si kwa kipindupindu. Hakuacha mtoto mwanamume. Bargash akapata kile alichokitafuta kwa hila na kwa bunduki miaka kumi na minne, na safari hii hakuna aliyempinga.

Mwanzo wake ulikuwa mgumu. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kali ilikipiga kisiwa. Mikarafuu iling'oka, sehemu kubwa ya mashamba ya Unguja ikaharibika kwa siku moja, na vyombo vya Sultani vikazama bandarini. Pemba tu ndiyo iliyopona, nayo toka siku hizo ikaipita Unguja kwa karafuu. Mfalme mpya akawa hana fedha wala meli.

Katika hali hiyo wakaja Waingereza na neno moja: biashara ya watumwa ikomeshwe. Mwanzoni mwa mwaka 1873 mjumbe wao, Sir Bartle Frere, alifika na mkataba. Bargash akakataa. Alisema nao siku nyingi, akaeleza kwamba tufani imemwondolea mali, na kwamba matajiri wa Kiarabu watamwasi. Frere akaondoka mikono mitupu. Ndipo balozi wa Uingereza, Daktari John Kirk, akamjulisha kwamba manowari zitakuja kukifunga kisiwa, chakula kisiingie. Tarehe 5 Juni 1873 Bargash akatia sahihi. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa.

Naandika kweli, watoto, maana siku hizi wako wanaomsifu Bargash kana kwamba aliuvunja utumwa kwa huruma yake. Sivyo. Alishurutishwa. Yeye mwenyewe alikuwa na watumwa, na mapato ya forodha yake yalitoka pia katika kuuza watu. Tena mkataba ule ulikataza kuwasafirisha na kuwauza sokoni. Haukuwapa uhuru wale waliokuwa watumwa tayari. Hao walingoja hata mwaka 1897. Lakini na hili ni kweli: alipokwisha kutia sahihi, hakulichezea neno lake. Wafanya biashara walipoanza kuwapitisha watumwa kwa njia ya nchi kavu, kutoka Kilwa kwenda kaskazini, yeye mwaka 1876 alitoa amri ya kuikataza misafara hiyo, naye alijua wazi kwamba anajifanyia adui miongoni mwa watu wake. Huku kwetu, mbali na mkono wake, ukamataji wa watu uliendelea miaka mingi baadaye.

Mwaka 1875 Waingereza walimwalika kwao. Alifika London mwezi wa Juni. Alionana na Malkia Viktoria. Akatembezwa katika viwanda na bandari, akapanda garimoshi, akaona taa za mitaani na hospitali. Kila mahali aliuliza kitu hiki kinafanywaje, na bei yake ni gani. Toka huko akaenda Ufaransa, kisha akarudi kwake. Habari za safari hiyo ziliandikwa kwa Kiarabu, zikachapwa kuwa kitabu.

Kuna jambo moja la London ambalo silipendi. Dada yake Salme, yule mwandishi wa barua, alikuwa ametoroka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanya biashara wa Kijerumani, akabatizwa, akaitwa Emily. Mume wake alikufa upesi, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya ugeni na baridi. Aliposikia kaka yake yuko London, alisafiri kwenda kumwomba amani. Wakubwa wa Kiingereza hawakutaka mgeni wao audhike, wakamzuia kwa maneno matamu. Ndugu wawili walikuwa katika mji mmoja, wala hawakuonana. Mtu huyu aliyetoka kifungoni akijificha kati ya dada zake hakuwahi kumsamehe dada huyo.

Aliporudi Unguja alianza kazi. Alinunua meli za moshi, zikaenda mpaka Bombay kuleta mchele na nguo. Mwaka 1877 alimpa afisa mmoja Mwingereza, Lloyd Mathews, kazi ya kufundisha askari wapya, wengi wao Waafrika, kwa namna ya Ulaya. Mwaka 1879 waya wa simu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden. Zamani barua ya Ulaya ilikaa njiani majuma mengi. Sasa neno la London lilifika upesi sana. Alitengenezesha fedha yenye jina lake. Alileta mtambo wa kuchapa, vitabu vya dini na sheria vikachapwa kwa Kiarabu.

Kisha maji. Kaskazini mwa mji iko chemchemi inayotoa maji safi mwaka mzima. Bargash aliamuru mfereji na mabomba yajengwe toka hapo hata mjini. Kazi hiyo ilifanyika mwanzoni mwa miaka ya 1880. Maji yakaingia mjini, na watu wakayateka bila kulipa. Fikirini: mjakazi aliyezoea kusimama kisimani usiku akingoja maji yajikusanye, sasa anaweka mtungi chini ya bomba na mtungi unajaa. Na meli zilizotia nanga zikapata maji mema ya safari.

Mimi katika kazi zake zote naipenda hii kuliko nyingine. Watu wa kutembea huko wanapenda jumba lake, Beit el-Ajaib, maana yake Nyumba ya Maajabu, aliloimaliza mwaka 1883. Ni kweli lilikuwa jumba la ajabu, lenye nguzo za chuma zilizotoka Ulaya na baraza pana pande zote, refu kuliko nyumba zote za Afrika ya Mashariki wakati ule. Lakini halikuwa nyumba ya kulala, lilikuwa la sherehe na kupokea wageni. Alijenga na majumba mengine, Marahubi na Chukwani. Mfalme anaweza kuishi bila baraza ya chuma. Mtoto hawezi kuishi bila maji.

Wakati huohuo, mbali sana, katika nchi ya Japani, alikuwako mtu wa umri kama wa Bargash. Jina lake ni Fukuzawa Yukichi, aliyezaliwa mwaka 1835. Naye alivuka bahari kuwatazama Wazungu, Marekani mwaka 1860 na Ulaya mwaka 1862. Naye aliuliza kila mahali: kitu hiki kinafanywaje? Lakini Fukuzawa hakuwa mfalme wala tajiri, hakuweza kununua meli. Alirudi na vitabu. Akaandika, akafasiri, akafundisha katika shule yake, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Keio huko Tokyo. Bargash alileta bomba, akamwita Mzungu alitengeneze. Fukuzawa alitaka mtoto wa Kijapani ajue hesabu na elimu ya vitu, alitengeneze mwenyewe. Sisemi kwamba hiyo peke yake ndiyo iliyoiokoa Japani isitawaliwe, maana nchi ile ilikuwa na serikali yenye nguvu na watu wengi, na Unguja ni kisiwa kidogo. Lakini nikitafuta shule katika kazi za Bargash, naona vitabu vya mtambo wake tu, na hivyo vilikuwa vya wanavyuoni. Meli zake ziliongozwa na wageni, na askari wake pia.

Mwezi wa Novemba 1884 kijana mmoja wa Kijerumani, Karl Peters, alipita Unguja kwa siri, akavuka bara. Kwa majuma machache tu alizungukia machifu wa Usagara na nchi za jirani na karatasi zake, akawafanya watie alama zao. Mwezi wa Februari 1885 mfalme wa Wajerumani akatangaza kwamba nchi hizo ziko chini ya ulinzi wake. Siku hizohizo, huko Berlin, mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekubali Dola la Kongo la Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Pwani yetu ya magharibi ya Tanganyika ikahesabiwa kuwa yake, wala hapana mtu wa Uvira aliyeulizwa.

Bargash akapeleka malalamiko yake Berlin kwa simu. Waya ule alioupokea kwa furaha sasa ulichukua kilio chake. Hakupata jibu la kumfaa. Mwezi wa Agosti 1885 manowari za Kijerumani ziliingia bandarini, zikapanga mizinga kuelekea jumba lake. Akawatazama rafiki zake Waingereza, wale waliomkaribisha kwa Malkia, nao wakamshauri akubali. Akakubali. Katika msafara huo wa meli Wajerumani walimleta pia Salme, ili adai urithi wake. Alitembea katika njia za mji wake baada ya miaka kumi na tisa, na watu wengi wakatoka kumwamkia. Kaka yake hakumpokea.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana wao kwa wao. Bargash akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Bara yote, mpaka maziwa makuu, ikamtoka. Zamani watu walisema kwamba ngoma ikipigwa Unguja, hucheza watu wa bara hata maziwani. Kweli mamlaka yake huku bara yalikuwa zaidi ya jina kuliko ya nguvu, kwa maana Tippu Tip huko Kasongo na Rumaliza huko Ujiji walifanya walivyotaka. Lakini Tippu Tip aliposhuka pwani akitaka msaada wa kuishika Manyema, Bargash alimwambia wazi kwamba bara imekwisha kumponyoka, na sasa anataka kuisalimisha Unguja tu. Mwaka 1887 Tippu Tip akakubali kuwa liwali wa Leopold.

Bargash alikuwa mgonjwa. Mwanzoni mwa mwaka 1888 alikwenda Omani, nchi ya wazee wake, akitumaini hewa na maji ya moto ya huko yatamponya. Hakupona. Akaomba arudishwe nyumbani. Meli ilifika Unguja mwezi wa Machi, na kabla ya mapambazuko ya tarehe 27 alikuwa amekufa, mtu wa miaka kama hamsini na mmoja. Ndugu yake Khalifa akatawala, na baada ya miaka miwili Unguja ikawekwa chini ya Uingereza.

Jumba la Marahubi liliungua mwaka 1899, na nguzo zake zimesimama hata leo kati ya miti. Nyumba ya Maajabu iliendelea kutumika, kwanza ofisi za serikali, kisha makumbusho. Chumvi ya bahari na mvua za miaka mia na zaidi ziliila, ikaanza kupasuka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele pamoja na mnara wa saa ilianguka, mafundi walipokuwa ndani wakiitengeneza, na wawili wao wakafa.